Bata Mwitu au Bata wa Kufugwa?

Katika mabwawa ya bustani za London, bata mwitu wa jamii ya Anas platyrhynchos huogelea pamoja na ndugu zao waliotoroka au kutelekezwa na wafugaji. Usiamue kwa rangi peke yake: wakati wa joto dume wa mwituni hupukutisha manyoya, rangi ya kijani ya kichwa chake ikatoweka, akafanana na jike. Tazama umbo. Wa kufugwa ni mzito, tumbo limeshuka, na wengi hawawezi kuruka mbali. Baka jeupe kifuani mara nyingi ni dalili ya uchotara. Manyoya yaliyojikunja mkiani mwa dume wanayo wote wawili, kwa kuwa nasaba ni moja. Bata mwenye vinundu vyekundu usoni ni wa nasaba nyingine, iliyotoka Amerika ya Kati na Kusini.