Macho ya Wazee na Habari za Miwani

Mtu apitaye umri wa miaka 40 huona jambo la kumshangaza. Jahazi lililo mbali baharini alitambua vema, lakini akitwaa kitabu hukisogeza mbele, na mbele tena, hata mkono haumtoshi. Wako wasemao kwamba amerogwa, au kwamba kusoma kwingi kumemharibu macho. Maneno hayo si kweli.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, imo lenzi iliyo kama kioo laini. Katika ujana hujibinua tutazamapo kitu cha karibu. Lakini kila mwaka hukakamaa kidogo, hata isiweze kujibinua tena. Hali hii humpata kila mwanadamu, mwenye kusoma na asiyesoma, tajiri na maskini.

Zamani watu hawakuwa na la kufanya. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, wataalamu wa Ulaya wakakisoma. Kisha, yapata mwaka 1286, mafundi wa Italia walitengeneza miwani ya kwanza. Mwaka 1306 mhubiri Giordano wa Pisa aliwaambia watu kwamba ufundi huo haujatimiza hata miaka 20.

Je, pwani yetu ilikuwaje siku zile? Kilwa Kisiwani ilikuwa katika fahari yake. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa, na msafiri Ibn Battuta alifika mjini mwaka 1331. Sarafu za shaba zilipigwa huko, ndogo mno, nazo zina maandishi. Tena wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vingi vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Kuchora herufi katika sarafu, kusokota uzi, kunakili vitabu: kazi zote hizo zataka macho ya karibu. Hapana shaka fundi wengi waliziacha wakati mikono yao ilipokuwa hodari kuliko ya vijana, kwa sababu ya macho tu.

Vitabu vilipoongezeka, haja ilizidi. Mwaka 1876 Askofu Steere alipita Lindi akaenda Masasi pamoja na watu waliotolewa utumwani, na shule zikafuata. Mwaka 1891 Biblia nzima ilichapwa kwa Kiswahili. Waliojifunza kusoma wakiwa watoto walizeeka, na herufi zikawakimbia.

Msidhani jambo hili limekwisha. Uchunguzi wa Kongwa, uliotangazwa mwaka 2006, ulionyesha ya kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 40 na zaidi, 62 hivi walikuwa na hali hii. Unguja, mwaka 2010, ilionekana kwamba wenye hali hii waliokuwa na miwani ya kusomea hawakufika hata mmoja katika watano. Basi dawa iliyopatikana zaidi ya miaka 700 iliyopita bado haijawafikia wengi wetu. Mama huacha kutunga uzi katika sindano, mvuvi hushindwa kutengeneza nyavu zake, na mzee humwita mjukuu amsomee barua zake za siri.

Yatupasa basi kuwapeleka wazee wetu kwa mganga wa macho wapimwe. Miwani ya kusomea si ya gharama kubwa, lakini kila umri una nguvu yake, nayo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Basi kupimwa mara moja hakutoshi. Nuru njema nayo husaidia. Lakini jicho likiuma, au likiona ukungu hata kwa mbali, hilo ni jambo jingine, labda mtoto wa jicho. Asikawie kwenda hospitali.

Wala mzee asione haya kuvaa miwani. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno lililoandikwa, mzee atalilindaje asipoweza kulisoma?