Njia Salama za Kuzuia Wanyamapori Wasiingie Mashambani na kwenye Makazi

Katika wilaya zinazopakana na hifadhi, zikiwemo Bunda na Serengeti mkoani Mara, Same mkoani Kilimanjaro, Tunduru mkoani Ruvuma, pamoja na Liwale na Nachingwea mkoani Lindi, msimu wa mavuno huwa pia msimu wa hofu. Kundi dogo la tembo linaweza kumaliza kwa usiku mmoja mahindi yaliyotunzwa kwa miezi kadhaa, na fisi mmoja akipenya zizini anaweza kuiachia kaya hasara kubwa. Mwananchi aliyefikwa na hali hiyo hushawishika kutumia sumu, mitego ya waya au mishale. Njia hizo ni kosa kisheria na haziondoi tatizo. Zinazofaa zaidi ni njia zinazomfanya mnyama ageuke mwenyewe kabla hajafika, bila kumdhuru yeye wala mwenye shamba.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori bila kibali, na inakataza matumizi ya sumu, mashimo na mitego ya waya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Haki ya mtu kuokoa maisha yake au ya mwenzake anaposhambuliwa inatambuliwa, lakini tukio la namna hiyo ni lazima litolewe taarifa kwa mamlaka husika.

Sababu za makatazo hayo zinaonekana vijijini kwenyewe. Mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya simba huua pia tai, mbweha na mbwa wa nyumbani. Tai wakipungua, mizoga hukaa muda mrefu porini na kuwa chanzo cha uchafuzi na magonjwa. Tembo au nyati aliyejeruhiwa kwa mshale au waya huwa hatari zaidi kwa mtu yeyote atakayekutana naye njiani. Aidha, mnyama mmoja akiuawa huku chakula kilichomvuta kikibaki palepale, mwingine huja kuchukua nafasi yake.

Kuondoa kinachomvuta mnyama

Mnyama huingia kwenye makazi ya watu akifuata chakula, maji au maficho, au kwa sababu makazi hayo yamejengwa kwenye njia yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kuvuna mapema mazao yaliyokomaa, kutoyaacha mavuno shambani usiku, kufukia mabaki ya chakula na mizoga ya mifugo, na kufyeka vichaka vinavyozunguka nyumba na zizi. Nafaka inayohifadhiwa ndani ya nyumba ya udongo inaweza kumvuta tembo kubomoa ukuta. Ni salama zaidi kuiweka katika ghala imara lililotengwa na vyumba vya kulala.

Mashamba yaliyolimwa pamoja, yakiwa na mpaka mmoja, hulindwa kwa urahisi kuliko mashamba yaliyotawanyika porini. Ni muhimu pia kutolima wala kujenga ndani ya shoroba, yaani mapito ya wanyama kati ya hifadhi moja na nyingine, ambazo zimewekewa kanuni maalumu tangu mwaka 2018. Shamba lililo katikati ya ushoroba ni vigumu kulilinda kwa uzio wa aina yoyote.

Tembo: pilipili, nyuki na mwanga

Tembo mkubwa anaweza kula takriban kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku. Uvamizi wa mashamba hufanyika zaidi usiku, hasa mazao yanapokaribia kukomaa, na mara nyingi hufanywa na madume. Tembo hutegemea sana pua na masikio, na njia nyingi za kumzuia zimejengwa juu ya hisia hizo mbili.

Uzio wa pilipili hutengenezwa kwa nguzo na kamba ya katani inayozungushwa shamba. Kwenye kamba hiyo hufungwa vipande vya nguo vilivyolowekwa katika mchanganyiko wa pilipili kali iliyosagwa na grisi au oili chafu. Mafuta hayo huzuia pilipili isioshwe haraka na mvua, ingawa mchanganyiko hupaswa kurudiwa mara kwa mara, hasa baada ya mvua kubwa. Oili chafu isitumike karibu na kisima au mto. Njia nyingine ni kuchanganya pilipili na kinyesi cha tembo au ng'ombe, kufinyanga matofali, kuyakausha na kuyachoma taratibu pembezoni mwa shamba, upande ambao upepo utapeleka moshi kwa wanyama.

Uzio wa mizinga ya nyuki hutumia ukweli kwamba tembo huogopa kuumwa na nyuki, hasa kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Mizinga huning'inizwa kwenye nguzo kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Si lazima kila mzinga uwe na nyuki. Baina ya mizinga halisi huwekwa mizinga bandia ya ubao. Shamba la mraba la ekari moja lina mzunguko wa takriban mita 250, hivyo huhitaji nafasi zipatazo 25, ambazo nusu yake zinaweza kuwa za mizinga bandia.

Njia hii imetumika Mang'ula, katika Bonde la Kilombero kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Nchini Kenya, utafiti uliofanyika jirani na Tsavo Mashariki na kuchapishwa mwaka 2024 ulionesha kuwa katika misimu ya kilele cha mazao uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo waliosogelea mashamba. Mkulima hupata pia asali, na nyuki huchavusha mazao yake. Hata hivyo, ukame hupunguza makundi ya nyuki na kudhoofisha uzio, na mizinga lazima iwekwe mbali na nyumba, shule na mifugo iliyofungwa.

Walinzi wa mashamba hutumia pia tochi zenye mwanga mkali, honi na ngoma. Tembo hujifunza upesi kwamba kelele pekee haimdhuru, hivyo inashauriwa kubadilisha njia na kuzitumia kwa pamoja. Mabomu baridi yatumiwe na askari au watu waliopewa mafunzo tu. Tembo asizingirwe, aachiwe njia ya kutokea kuelekea alikotoka.

Simba na fisi: zizi imara

Kwa mfugaji, kinga kubwa ni kuhakikisha mifugo yote imeingia zizini kabla ya giza, kwa kuwa mnyama aliyeachwa nje usiku ndiye windo rahisi. Boma la miiba linahitaji kukaguliwa kila jioni na kuzibwa matundu, na lango lake lisiwe sehemu dhaifu kuliko ukuta.

Katika nyika ya Wamaasai, zikiwemo sehemu za Simanjiro mkoani Manyara, wafugaji wengi wamejenga maboma hai. Miti ya jamii ya manemane hupandwa kwa kukaribiana kama nguzo, kisha hufungwa waya wa wavu. Miti hukua na kuimarisha uzio mwaka hadi mwaka, na mfugaji hana haja ya kukata miiba mipya kila msimu.

Taa zinazomulika kwa kupokezana kuzunguka zizi nazo huwachanganya simba, ambao hudhani mtu anatembea na tochi. Mbinu hiyo ilipata umaarufu kupitia Richard Turere, kijana wa Kenya aliyeibuni akiwa na miaka 11 kulinda ng'ombe wa familia yake jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Nyani, tumbili na ngedere

Wanyama hawa huja mchana, na wana akili ya kutambua sanamu isiyosogea. Sanamu ihamishwe na kubadilishwa mavazi mara kwa mara. Kuamia shamba kutoka kwenye dungu, kwa zamu baina ya majirani, bado ni miongoni mwa njia bora, kwa sharti kwamba watoto wasiachishwe shule kwa ajili ya kazi hiyo. Ukanda wa wazi kati ya shamba na msitu huwanyima maficho.

Mambo ya kuepuka na mahali pa kutoa taarifa

Umeme wa nyumbani usiunganishwe kwenye uzio kwa hali yoyote, kwa kuwa unaua watu. Uzio wa umeme hujengwa kwa kifaa maalumu na mafundi wenye ujuzi. Mtu asitoke peke yake usiku kumkabili tembo, na asimfuatilie mnyama aliyejeruhiwa.

Mnyama hatari anapoonekana, taarifa itolewe mara moja kwa uongozi wa kijiji, askari wa wanyamapori wa kijiji, ofisa wanyamapori wa wilaya, au kituo cha karibu cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au cha Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Hasara ikitokea, mwananchi asivuruge eneo kabla ya tathmini, na atoe taarifa mapema wakati nyayo na mabaki bado yanaonekana.

Kwa mujibu wa sheria, Serikali hutoa kifuta jasho kwa uharibifu wa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa majeruhi au kwa familia ya aliyepoteza maisha. Malipo hayo ni mkono wa pole. Si fidia inayolingana na thamani ya kilichopotea. Ndiyo maana kinga iliyoandaliwa kabla mazao hayajakomaa, na kwa ushirikiano wa kijiji kizima, ina manufaa makubwa zaidi kwa kaya kuliko malipo yatakayofuata baada ya hasara.