Orodha ya Kozi na Waliokuwa Nyuma Yake: Historia ya Shahada ya Kompyuta kutoka Singida Mjini

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Singida Mjini hugeuka kuwa ofisi za udahili. Binti aliyesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, huja na mjomba wake, mwenye duka huketi kwenye kibodi, na katika nusu saa jina la shahada huchaguliwa: sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, uhandisi wa programu. Malipo ya maombi hutumwa kwa simu, risiti huchapishwa, basi. Ni nadra mtu kuuliza kuna nini ndani ya lile jina.

Ndani yake kuna kozi thelathini na kitu, pengine arobaini na kitu. Anayezisoma moja moja atashangaa kukuta hisabati nyingi kuliko alivyodhani, kozi ya stadi za mawasiliano, na somo la maendeleo ambalo halihusu kompyuta hata kidogo. Hakuna aliyeketi siku moja akaipanga orodha hiyo yote. Imejengwa kwa zaidi ya nusu karne, na kila kizazi kiliacha alama yake humo.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania haikwenda chuoni. Ilikwenda Hazina. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga mashine ya kampuni ya Kiingereza, ICT 1500, kwa ajili ya hesabu za serikali, na mwaka 1968 ikaletwa nyingine kubwa zaidi ya mfululizo wa 1900. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ulikwenda mrama, fedha zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake bila kibali. Televisheni nazo zilikuwa katika katazo hilo. Kwa mzazi wa Singida wa wakati ule katazo halikuwa na uzito wowote. Shughuli zake zilikuwa mtama, uwele na ng'ombe. Kwa historia ya masomo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu chuo hakiwezi kutunga mtaala wa chombo ambacho nchi imekizuia bandarini.

Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, chama tawala, TANU, kilipitisha Azimio la Musoma. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja: alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi, kisha mwajiri na chama wakamshuhudia kuwa anafaa. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, wanawake wakiwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika, lakini roho yake ilidumu. Serikali ilikuwa na lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wake ifikapo mwaka 1980. Ilihesabu wahandisi, madaktari na walimu waliohitajika, na nafasi za masomo zikafuata hesabu hiyo. Siku hizo mwanafunzi hakupanga masomo, alipangwa yeye.

Majirani walikwenda kwa mwendo mwingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1977, na Makerere ya Uganda ikafuata mwaka 1985, nchi hiyo ikiwa bado vitani. Huko Marekani chama cha wanakompyuta, ACM, kilikuwa kimechapisha mtaala wa mfano tangu mwaka 1968, na waliouandika walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa hisabati. Ndiyo maana hadi leo shahada hizi, popote zinapofundishwa, huanza kwa kalkulasi, aljebra na mantiki kabla mwanafunzi hajaunda chochote cha kuonyesha nyumbani. Lawama ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwatupia walimu wao zingefaa kupelekwa kwa waandishi hao wa mwaka 1968.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kompyuta iliingia kwa mlango wa nyuma. Ilitumiwa kwanza na wahandisi, ambao kitivo chao kilifunguliwa mwaka 1973, na watu wa hisabati. Shahada yenye jina la kompyuta ilipata nguvu katika muongo wa 1990, chuo kilipokuwa kikijifanyia mageuzi makubwa. Mihula mitatu ya mwaka ikawa semesta mbili, mitihani ya mwisho wa mwaka ikagawanywa, na masomo yakakatwa kuwa kozi zenye namba na uzito. Mabadiliko haya yanaonekana ya kiofisi tu, lakini ndiyo yaliyomwezesha mwanafunzi kupanga jambo lolote. Kabla ya hapo alibeba somo zima kwa mwaka mzima. Sasa angeweza kuuliza kozi ipi aichukue semesta hii na ipi aiache kwa mwakani. Haikuchukua muda idara ya kompyuta ikaanza kuzaa vitu vyake: mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili.

Halafu kuna DS 112. Aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, awe mtaalamu wa miamba au mwandishi wa programu, anaijua namba hii. Ni kozi ya mitazamo ya maendeleo, inayosomwa na karibu kila mtu wa mwaka wa kwanza katika kumbi zilizofurika hadi mlangoni. Asili yake ni mijadala mikali ya mwishoni mwa miaka ya 1960, pale walimu na wanafunzi wa Mlimani walipodai kuwa nchi ya ujamaa isizalishe wataalamu wasiojua wanamfanyia kazi nani. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na somo likawa la lazima kwa wote. Ujamaa ulilegea, soko huria likaja, kompyuta zikaruhusiwa, na DS ikabaki palepale. Wanafunzi wa kompyuta huilalamikia, na wengi huisoma kwa kukariri pepa za zamani. Hata hivyo ni haki kusema kwamba kati ya kozi zote walizopewa, hii ndiyo yenye nafasi ya kuuliza kwa nini nchi iliwahi kuikataa kompyuta.

Tabaka la mwisho liliwekwa na wadhibiti. Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu liliundwa mwaka 1995, na mwaka 2005 sheria mpya ikaleta Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tume ilileta lugha ya krediti: krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje yake, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Ukizidisha unapata saa 3,600, yaani 1,200 kwa mwaka. Kozi za lazima zikishachukua sehemu yake, za hiari hubaki chache. Kwa hiyo uhuru ulioletwa na semesta ukapata ukuta, na ukuta huo una faida yake: mwanafunzi anayehama chuo ana kitu cha kuhamisha.

Kwa Singida, mwaka uliobadilisha mambo ni 2007. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa katika majengo ya Chimwaga, na baadaye kikawa na chuo kikubwa cha elimu ya kompyuta na mawasiliano. Ghafla shahada ya kompyuta ilikuwa mwendo wa saa chache kwa basi kutoka stendi ya Misuna, badala ya safari ya kutwa nzima kwenda pwani. Nyaya za intaneti za baharini zilipoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ukaanza kutandazwa bara, hoja ya umbali ikazidi kupungua.

Mjini penyewe kuna njia nyingine, isiyo na fahari sana lakini yenye watu wengi. Kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania hufundisha uhasibu na ugavi, fani ambazo leo haziendi bila kompyuta. Kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma imelea kazi za uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Ni kosa kuidharau masijala. Kupanga faili, kuliwekea namba, kulipata tena baada ya miaka mitano na kujua lini liharibiwe: hiyo ndiyo sayansi ya habari yenyewe, na Tanzania iliitungia sheria mwaka 2002. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, nacho kina kituo cha mkoa kwa wale wasioweza kuacha kazi. Anayetoka kwenye cheti akapanda stashahada hufika shahada akiwa amechelewa miaka kadhaa, lakini mara nyingi anajua anachokitafuta kuliko mwenzake wa kidato cha sita.

Popote waendako, wote hukutana na jambo moja ambalo steshenari haikuwaambia: kozi tangulizi. Uandishi wa programu wa mwaka wa kwanza ndio hufungua miundo ya data. Miundo ya data hufungua hifadhidata na algoriti. Aliyefeli ya kwanza atasapu, yaani atarudia mtihani. Akishindwa tena, atakeri, yaani ataibeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata, na kozi za mbele zitamsubiri au zitagongana kwenye ratiba yake. Wengi wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hawadisko kwa sababu ya kozi ngumu za mwaka wa tatu. Huanguka mapema, kwenye hisabati na programu za semesta mbili za mwanzo, wakidhani wana muda.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, na katika orodha ya sasa sayansi ya kompyuta imo kando ya fizikia na hisabati. Vijana watakaopita huko watafika chuoni wakiwa wamekwisha kuandika programu. Mpaka wawe wengi, mzazi wa Singida anayesindikiza mtoto steshenari afanye jambo moja kabla ya kulipia maombi: amwambie mwenye duka afungue ukurasa wa chuo wenye kozi za miaka yote, auchapishe, na aende nao nyumbani wakausome pamoja.