Habari ya Karatasi na Mbao za Mninga

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona si haki kuandika habari za kahawa peke yake na kuwasahau maseremala. Nakshi ya kutoboa mbao si ngeni nchini: huko Unguja, zahanati kongwe ya Tharia Topan, iliyoanza kujengwa mwaka 1887 na kumalizika 1894, roshani zake zimepambwa kwa namna hiyo.

Kwetu Kasulu na Kibondo mninga tunao, lakini ubao wake ni mwekundu na penseli haionekani vema. Kwa hiyo tulichora juu ya karatasi, tukaibandika kwa uji wa unga wa muhogo, kisha tukakata kwa msumeno mwembamba. Uji ule, tulioupaka mzito, ulishika barabara hata karatasi ikakataa kutoka. Tulipoikwangua kwa kisu, majani mawili ya nakshi yalikatika katika mlango wa ofisi, ambao ubao wake ulinunuliwa kwa michango ya wanachama. Mkutano ulituuliza maswali makali, nasi hatukuwa na jibu.

Tangu hapo uji huwa mwepesi, nao hupakwa kwenye karatasi tu. Kazi ikiisha, twaweka kitambaa chenye unyevu, twangoja, ndipo karatasi huvuliwa polepole. Maji husimamisha nyuzi za ubao. Basi ukaushwe kivulini kwanza, kisha upigwe msasa (wazee walitumia majani ya mti wa jina hilo hilo).

Mlango ule ungaliko ofisini, na majani yake pungufu.