Jina la Neema katika Nchi ya Ugogo

Miongoni mwa majina ya wasichana yaandikwayo katika daftari za ubatizo na za shule huku kwetu, tangu Gulwe penye stesheni ya reli hata Mpwapwa na Kongwa, jina la Neema ni moja katika yale yasikikayo kila siku. Mwalimu akiliita darasani, huenda akaitikiwa na wawili au watatu. Lakini bibi zetu waliobatizwa zamani hawakuitwa hivyo. Wao walikuwa Mariamu, Elizabeti, Marita na Ana, na nyumbani kila mmoja alikuwa na jina lake la Kigogo. Basi twapenda kueleza jina hili limetoka wapi, na kwa nini lilichelewa kuingia kanisani, hali neno lenyewe lilikuwa likihubiriwa kila Jumapili.

Asili yake ni Kiarabu, ni'ma, maana yake kipawa na hali njema atoayo Mungu. Waswahili wa pwani walipolipokea waliiacha herufi ya aini, ambayo ni ngumu kinywani mwao, wakairefusha irabu, likawa neema. Katika herufi za shina hilo hilo yamo pia jina la Naima, na itikio letu la naam, na tena neno an'am, yaani wanyama wa kufugwa, ambalo ndilo jina la sura ya 6 ya Kurani. Jambo hili la mwisho tulipowasimulia wafugaji fulani lilichekesha sana, wakasema Waarabu nao kumbe walijua neema ni ng'ombe.

Nao hawakukosea mbali. Kwa watu wa pwani mwaka wa neema ni mwaka ambao mvua imenyesha vema na chakula ni tele. Neno likiwa na maana hiyo lilipandishwa bara na misafara ya Bagamoyo, iliyokuwa ikipumzika Mpwapwa ili kupata maji na chakula kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Katika nchi kama hii yetu, yenye msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, neno la namna hiyo halihitaji kufafanuliwa. Mgogo aijuaye mvula na nzala amekwisha kuijua neema na kinyume chake.

Wamisionari wa CMS walipoanzisha kituo cha Mpwapwa katika miaka ya 1876 hata 1878, na wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la kufasiri kharis la Kiyunani, neno hilo la shibe likapewa kazi kubwa zaidi: likawa wema wa Mungu usiostahiliwa na mwanadamu. Tafsiri ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, imelieneza kotekote. Lakini lilikuwa neno la mahubiri tu. Halikuwa jina la mtu. Desturi ya walimu wa kwanza ilikuwa kwamba abatizwaye apewe jina la mtu aliyetajwa katika Maandiko au la mtakatifu. Majina ya Kigogo, yatokanayo na tukio, au msimu, au na wazee waliofariki, yaliachwa mlangoni pa kanisa. Neema halikuwa jina la mtu katika Biblia. Na zaidi ya hayo, wengine walinong'ona kwamba ni jina la Kiislamu.

Hapa ndipo twataka kusema neno kwa wenzetu makasisi. Hana, mamaye Samweli, jina lake kwa Kiebrania maana yake ni neema. Ana wa hekaluni ni jina lilo hilo katika umbo la Kiyunani. Na Yohana maana yake ni kwamba Bwana amefanya neema. Tena yuko Naomi, ambaye jina lake lina shina lile lile la ni'ma, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni ndugu. Habari zake twazifahamu: njaa ilimtoa Bethlehemu, akafiwa ugenini, na aliporudi aliwaambia wanawake wasimwite tena jina hilo tamu, bali Mara, yaani uchungu. Mtu wa Ugogo, ambaye wazee wake walimsimulia Mtunya, ile njaa kuu iliyofuata majeshi ya Wadachi na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi katika vita vya 1914 hata 1918, asomapo kitabu cha Ruthu hasomi habari za wageni.

Bibi mmoja wa karibu na Gulwe alitueleza kwamba alimzaa binti mwaka 1975, baada ya ukame wa 1973 na 1974, mahindi yalipokuwa yameanza kukomaa. Akamwita Neema. Kasisi mmoja alilikataa jina hilo, akaandika Ana. Shuleni mtoto aliandikwa Neema, akapata cheti kwa jina hilo. Na siku za kutangaza ndoa yake ilimpasa mamaye kuleta mashahidi wawili ili kuthibitisha kwamba Ana wa daftari na Neema wa cheti ni mtu mmoja. Bibi alikasirika sana, akatuuliza kama mwanawe alikuwa na kosa gani. Tulipomweleza maana ya Ana, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, mwalimu, yule kasisi alimwita Neema bila kujua."

Baada ya Uhuru wa 1961, Kiswahili kilipokuwa lugha ya shule za msingi zote, majina ya namna hii yaliongezeka mno: Neema, Upendo, Tumaini, Furaha, Zawadi. Rehema lilikuwa la zamani zaidi kwa Waislamu, na watu huyachanganya haya mawili, ingawa rehema ni huruma kwake aliye katika taabu, na neema ni kipawa hata kwake asiyelia. Jina la Neema halikuwaondoa kina Mariamu, ila lilikaa kando yao. Na sisi twaliona ni faida, kwa kuwa mzazi alichagua jina ambalo yeye mwenyewe alilielewa.

Siku hizi wazazi vijana wameanza kupenda majina ya Kiingereza. Binti wa yule bibi naye amemwita mwanawe Grace. Bibi hakulijua neno hilo, akauliza maana yake, akaambiwa. "Kumbe wamempa jina la mamaye," akasema, akaenda kuota jua.