Ghala Isiyojazwa Tena: Historia Fupi ya Uhaba wa Valvu na Transista za Kale

Kila chombo kilichotengenezwa na binadamu huishi maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya kiwanda: chombo hutengenezwa kwa maelfu, huuzwa kwa bei ya siku, na kinachovunjika hupata badali yake dukani. Maisha ya pili ni ya ghala: kiwanda kimekwisha fungwa, na vilivyobaki hutolewa kimoja kimoja katika masanduku. Katika maisha ya kwanza kinachopungua hurudishwa. Katika maisha ya pili kinachopungua hakirudi. Wahenga walisema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Makala haya yanasimulia habari za buyu moja la namna hiyo, nalo ni la vipande vya elektroniki vya zamani: valvu za redio, transista za kwanza, na chipu za kompyuta za awali. Wanaochovya ni wapenzi wa ufundi, watu wanaofufua redio na mashine za kale kwa mapenzi yao, wala si kwa ujira.

Msomaji aweza kuuliza, je, jambo hili lamhusu nini mwanachuo? Jibu langu ni kuwa redio ya zamani ni hati ya historia kama ilivyo barua au daftari la forodha. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, msikilizaji wake alisikiliza kwa chombo chenye valvu. Twaweza kusoma alichosikia. Lakini kujua alivyosikia, muda aliongoja valvu zipate moto, namna sauti ilivyofifia betri ilipochoka, na gharama aliyolipa kwa kila saa ya kusikiliza, hapana budi kuwe na chombo kizima kinachosema. Picha ya redio haisemi. Na redio haisemi pasipo valvu.

Valvu ilizaliwa mwaka 1904, wakati John Ambrose Fleming alipopata hataza yake Uingereza. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza waya wa tatu, ndio gridi, na kwa hiyo akafungua njia ya kuikuza sauti hafifu ikawa kubwa. Kwa umbo valvu yafanana na globu ya taa. Ni chupa iliyoondolewa hewa. Ndani yake kuna kathodi iliyopakwa dawa yenye bariamu, ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni. Elektroni hizo huvuka ombwe na kuifikia anodi, na gridi iliyo katikati huzizuia au kuziachia njia. Kazi hii huila kathodi. Dawa yake hupungua nguvu kidogo kidogo, au uzi wa kupashia moto hukatika, au hewa hupenya, na hapo valvu hufa.

Waliotengeneza redio hizo walilijua jambo hili tangu mwanzo. Ndiyo maana valvu nyingi hazikuunganishwa kwa risasi kama vipande vingine, bali zilichomekwa katika vikalio vyake, ili fundi aing'oe iliyokufa na kuchomeka mpya. Tukitazama vizuri, basi, twaona kuwa redio ya valvu haikuwa chombo kilichokamilika peke yake. Ilikuwa ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ilikuwa duka lenye valvu mpya. Redio ilipotoka kiwandani ilitoka na ahadi kwamba duka hilo litakuwako. Uhaba tunaousimulia hapa ni habari ya kuvunjika kwa ahadi hiyo.

Aliyeivunja hakuwa na nia mbaya. Mwezi Desemba mwaka 1947, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, wakifanya kazi chini ya William Shockley, walionyesha kuwa kipande kidogo cha jemaniamu kingeweza kukuza umeme bila ombwe na bila kupashwa moto. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Mwaka 1954 redio ndogo iitwayo Regency TR-1, yenye transista 4, iliuzwa Marekani kwa dola 49.95, na katika miaka ya 1960 redio za transista zilienea duniani, na Afrika Mashariki pia, hata mchungaji aliweza kuitundika begani. Viwanda vya valvu vya Ulaya na Marekani vilianza kufungwa kimoja baada ya kimoja, na baada ya miaka ya 1980 vilivyobaki vilikuwa vichache mno.

Hata hivyo valvu haikufa yote, na hapa pana fundisho. Wapiga gitaa waliipenda sauti ya vikuza sauti vya valvu, hasa namna inavyokwaruza ikisukumwa kupita kiasi chake. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wapenzi wa santuri, valvu za kukuza sauti kama ECC83 na EL34 zimeendelea kutengenezwa katika nchi chache, zikiwamo Urusi, Slovakia na China. Lakini msururu huu ni mwembamba. Mwezi Machi mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia bidhaa nyingi kupelekwa nje, na kwa muda wanamuziki wa Marekani walishikwa na hofu ya kukosa valvu walizozizoea.

Mwenye redio ya kale hana hata mtetezi wa namna hiyo. Redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 zilitumia valvu ya ECH81, ambayo kazi yake si kukuza sauti bali kuyageuza mawimbi ya kituo yawe mawimbi ambayo redio yaweza kuyashughulikia. Valvu hiyo haina faida kwa mpiga gitaa, basi haitengenezwi. Soko halihifadhi kilicho bora, wala kilicho na historia. Huhifadhi kinachoulizwa na wengi. Gitaa limeiokoa valvu ya sauti, na valvu ya redio imeachwa ighalani.

Habari hii ina sura yake ya Kiafrika. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Northern Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zambia, alifanikiwa kuishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa wasikilizaji wa Kiafrika. Mwili wake ulitengenezwa kwa sufuria isiyo na mkono, na kwa hiyo ikaitwa redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake iliuzwa mbali. Redio za betri za wakati ule zilihitaji nguvu za namna mbili: volti moja na nusu hivi za kuupasha moto uzi wa valvu, na volti 90 hivi za kuzivuta elektroni. Leo betri ya volti 90 haipatikani katika duka la kawaida. Anayetaka kuisikia redio ya namna hiyo huunga betri 10 za volti 9 kwa msururu, mkia wa hii na kichwa cha ile, mpaka zifike 90. Twaona basi kuwa kilichotoweka si valvu peke yake. Hata chakula chake kimetoweka, nacho chapikwa upya kwa vijungu vidogo vidogo.

Iliyoiua valvu nayo iliuawa. Transista za kwanza zilikuwa za jemaniamu, na katika miaka ya 1960 silikoni, ambayo huvumilia joto zaidi, ilichukua mahali pake. Transista kama OC44 na OC71, ambazo zilikuwa fahari ya miaka ya 1950, zikawa mabaki. Hapa tena muziki uliingia kati: mwaka 1966 kilitokea Uingereza chombo cha miguu cha kukwaruza sauti ya gitaa, kiitwacho Fuzz Face, kilichotumia transista za jemaniamu, na tangu hapo wanaozitafuta kwa ajili ya gitaa na wanaozitafuta kwa ajili ya redio wanagombea sanduku moja. Na katika sanduku hilo hazilingani. Jemaniamu huvujisha umeme, tena hubadilika na joto la siku, kwa hiyo fundi hupima nyingi ili apate chache zinazofaa.

Wahenga wetu husema akiba haiozi. Ni neno la hekima, lakini transista ya AF117 yalipinga. Transista hiyo na ndugu zake AF114, AF115 na AF116 zilitumika sana katika redio za Ulaya za miaka ya 1960. Ziliwekwa katika vikopo vya madini vilivyopakwa bati kwa ndani. Na bati hilo, bila ya kuguswa na mtu, huota nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo mafundi huziita sharubu za bati. Sharubu hizo hukua mwaka baada ya mwaka mpaka zikaugusa moyo wa transista na kuikatiza kazi yake. Kwa hiyo transista iliyolala katika sanduku lake kwa miaka 60, haijapata kutumika hata siku moja, yaweza kutolewa ikiwa imekufa. Valvu pia, ikipata ufa mdogo, hewa huingia, na doa lake la fedha juu ya chupa hugeuka jeupe. Ghala hupungua hata mlango wake ukifungwa.

Wala mambo hayo si ya wazee tu. Mwaka 1976 kampuni ya Zilog, iliyoanzishwa na Federico Faggin na Ralph Ungermann, ilitoa chipu iitwayo Z80. Chipu hiyo iliendesha kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum ya mwaka 1982, na mashine nyingi nyinginezo. Mwezi Aprili mwaka 2024 Zilog ilitangaza kuwa aina za kawaida za chipu hiyo zitakoma kutengenezwa, na maagizo ya mwisho yapokelewe mpaka mwezi Juni mwaka huo. Ilikuwa imedumu miaka 48. Chipu ya sauti ya Commodore 64, iitwayo SID, ilikuwa imetangulia, kwa maana kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994. Kimoja kikitoweka, walaghai hutokea: chipu za aina nyingine hufutwa jina na kupigwa chapa ya jina linalotafutwa, na mnunuzi hujua alipokwisha kulipa.

Sasa tumelifikia jambo lililo gumu. Mwenye valvu ya mwisho afanye nini? Akiichomeka, redio itasema, na kila saa ya kusema itaipunguzia maisha. Akiifungia, itabaki nzima kwa macho, lakini redio itakuwa bubu, na bubu hana habari ya kutupa. Wako wanaosema kitu cha kale kisiguswe. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao kabisa, kwa kuwa tumeona kuwa hata kisichoguswa huharibika. Wako wanaosema kitumike mpaka kiishe. Hao nao wasahau kuwa mtoto atakayezaliwa kesho ana haki ya kusikia. Mimi naona kuwa kati ya hao wawili iko njia ya tatu: chombo kitumike kwa kiasi, na kila kinapofunguliwa pawe na mtu wa kuandika. Kipimo cha kila kipande, mchoro wa kila waya, sauti yake, joto lake, na sababu ya kufa kwake viandikwe. Maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Faida ya daftari imekwisha onekana. Katika miaka ya 2010 Dalibor Farný, raia wa Jamhuri ya Czech, alijifunza upya kutengeneza taa za tarakimu ziitwazo Nixie, ambazo viwanda vilikuwa vimeziacha zamani, na leo zatoka tena katika karakana yake. Na huko Ufaransa mpenda redio mmoja alionyesha watu namna anavyotengeneza triodi kwa mikono yake mwenyewe, tangu kukata waya mpaka kuondoa hewa na kuiziba chupa. Vipande hivyo ni vichache, na bei ya jasho lake ni kubwa. Lakini vyathibitisha kuwa kilichopotea kwa kweli kilikuwa ni mashine za kiwanda na mikono iliyozijua, na kwamba mikono mipya yaweza kufundishwa pale ambapo maarifa yameachwa katika maandishi.

Valvu za ghala zitakwisha. Hilo halina dawa, na anayeahidi kinyume chake auza maneno. Lakini wahenga walitutangulia kwa neno jingine: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la karne iliyopita linavunjika mikononi mwetu tukiona. Uhunzi wake utabaki au hautabaki kwa kadiri tutakavyouandika, na kazi ya kuandika, wasomaji wangu, haikupewa mafundi peke yao.