Kichwa na Makasha Yake: Istilahi za Vyombo vya Dansi Pande za Kilimanjaro

Mfasiri wa maelekezo ya vyombo vya muziki hukutana mapema na mtego wa neno moja. Katika usemi wetu wa kila siku, "kipaza sauti" ni kile anachoshika mwimbaji, ni lile sanduku linalotoa mlio mbele ya wasikilizaji, na mara nyingine ni mtambo ulio kati ya viwili hivyo. Afisa ugavi akiandika katika hati ya zabuni kwamba ukumbi unahitaji "vipaza sauti vinne", mwuzaji ana haki ya kuleta chochote kati ya vitu vitatu. Na pale mtambo mmoja wa besi unapoungwa na masanduku kadhaa ya spika, utata wa maneno huweza kuunguza mali. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi vitu hivyo na majina yake vilivyofika Moshi na vijiji vya mlimani, na majina yapi yanafaa kusanifiwa.

Mlimani watu walijua kupeleka sauti mbali kabla ya umeme. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na upigaji wa matarumbeta ya shaba ukaota mizizi katika sharika za Kilutheri, hata leo arusi nyingi za Moshi hazikamiliki bila ya matarumbeta. Shaba haihitaji waya. Sauti nzito ya besi ni jambo jingine: ili isikike uwanjani hutaka nguvu nyingi na spika nyingi. Gitaa la besi la umeme lilipoanza kuuzwa na Leo Fender huko Marekani mwaka 1951, mtambo na spika vilizoea kukaa katika sanduku moja. Muongo uliofuata watengenezaji wengi walivitenganisha, na mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa mtambo wa wati 300 uliokusudiwa makasha mawili, kila moja likiwa na spika 8 za inchi 10. Mtambo uliobaki peke yake, bila ya spika, uliitwa "kichwa".

Bendi za dansi zilipita Moshi kwa njia kuu itokayo Tanga kwenda Arusha na Nairobi. Ndugu Wilson na George Kinyonga, kwa mfano, walitoka Tanga wakaanzisha bendi Arusha, kisha mwaka 1971 wakahamia Nairobi, ambako walijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Bendi iliyopanda Marangu au Rombo ilipakia vyombo garini, pamoja na jenereta kama nyaya za umeme hazijafika.

Neno "kichwa" halikuwa geni kwa mtu wa Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, na injini ya garimoshi huitwa kichwa cha treni. Kwa hiyo ni rahisi kuona mtambo wa besi kama kichwa na makasha kama mabehewa yanayofuata nyuma. Jina tunalikubali, mfano wake ndio unaopotosha, kwani humfanya mtu aamini kwamba makasha yameungwa kwa mfuatano.

Tazama jinsi kazi inavyofanywa. Fundi mitambo huchomeka waya kutoka kichwani hadi kasha la kwanza, kisha waya mwingine kutoka kasha la kwanza hadi la pili. Kwa macho ni mfuatano mtupu. Lakini matundu mawili yaliyo nyuma ya kasha, kwa kawaida, yameungwa ndani kwa namna ambayo kila kasha hupokea umeme wake moja kwa moja kutoka kichwani; yaani makasha yameungwa sambamba. Istilahi hueleza njia ya mkondo, na njia ya waya huweza kusema kinyume chake.

Kosa hilo lina gharama. Makasha mawili ya omu 8 yakiungwa kwa mfuatano, ukinzani wake ni omu 16 na mtambo hupumzika. Yakiungwa sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 4. Makasha manne huwa omu 2. Mtambo wa transista uliotengenezwa kwa omu 4 ukipewa omu 2 hutoa mkondo kupita uwezo wake, ukachemka na pengine ukaungua. Mwanafunzi aliyesoma "mfuatano" mahali palipostahili "sambamba" huongeza kasha akidhani anaupunguzia mtambo mzigo.

Kwa mwalimu wa pande hizi, mfano bora haupo stesheni. Upo kihambani, katika mfongo, ule mfereji wa Wachagga uletao maji kutoka mtoni. Mfongo ukifunguliwa mlango mmoja, maji hutoka kwa kiasi. Ukifunguliwa milango miwili kwa pamoja, hutoka zaidi, na mfereji mkuu ndio unaoelemewa. Kila mlango ni njia mpya ya kupitia, wala si kizuizi kipya. Mtoto wa Kibosho anayajua hayo kabla hajasikia habari za omu.

Mambo haya yalizidi uzito mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi 1983. Spika mpya zikawa adimu, na fundi aliunga alichonacho. Kasha la omu 4 likiwekwa sambamba na la omu 8, ukinzani ni omu 2.67, na kasha la omu 4 hupokea nguvu maradufu ya mwenzake.

Tunapendekeza basi "maikrofoni" kwa chombo cha mwimbaji, "kikuza sauti" kwa mtambo, na "kipaza sauti" kibaki kwa spika peke yake. Sanduku la spika liitwe "kasha". Neno lake la Kiingereza ndilo pia la kabati na la baraza la mawaziri, na mfasiri mwenye haraka huweza kulitundika baraza zima jukwaani. "Mfuatano" na "sambamba" yatumike kwa mkondo tu. Waya upitao kutoka kasha hadi kasha tungependa uitwe uungaji wa kupokezana. Walimu wa ufundi wanaombwa kulijaribu neno hilo darasani na kutuletea maoni yao.